Ukuta wa Maua Uliofika Magotini

Zéphirin alikuwa mutu murefu kuliko watu wote wa Kasongo. Mimi Antoine ni mujomba wake, kaka ya mama yake, kwa hiyo urefu ule ulitoka kwetu. Kama munaniona mimi mufupi, ni kwa sababu urefu wangu ulipanda wote ukakaa katika akili. Nilisoma mpaka darasa la tatu na nusu. Ile nusu nyingine mwalimu alinisamehe, maana maswali yangu yalikuwa yamemuchosha.

Wakati ule, mwaka 1954, Zéphirin alikuwa plantoni wa buro ya teritware, ofisi ya serikali. Kazi ya plantoni ni kubeba barua, kufungua mulango wakubwa wakipita, na kusimama wima kama muti wa bendera. Hakuna aliyesimama kama yeye. Kaptula yake nyeupe ilipigwa pasi mpaka ungeweza kukata nyanya kwa mukunjo wake. Alipewa velo, baiskeli ya buro yenye kengele, na kengele ile aliipiga hata njia ikiwa tupu, ili njia yenyewe ijue nani anapita.

Muke wake aliitwa Emilienne, mutoto wa kijiji cha Wamaza. Ni mimi niliyekwenda kumuomba kwa wazazi wake, na nilisema maneno matamu hata wazee wa kule wakasahau kudai mbuzi wa mwisho. Lakini nyumba ile ilikuwa na uchungu wake: mimba mbili za Emilienne zilitoka kabla ya wakati. Ya tatu ilipoingia, mwezi wa tisa wa mwaka, mvua za kwanza, alimuambia mume wake mbele yangu, bila kuzunguka:

"Safari hii namutaka mama. Aje akae hapa mpaka nizae, na mutoto apate nguvu. Akija, nabaki. Asipokuja, au akija akaondoka, nami naondoka nimufuate."

Kuondoka maana yake kupanda kamyo, lori la mizigo, mpaka Wamaza, na njia ile mashimo yake yalikuwa yanarusha hata magunia ya muchele. Zéphirin alitazama tumbo la muke wake, akatazama njia, akanitazama mimi. "Mujomba, tunafanya nini?"

Sasa muelewe taabu iko wapi. Kwetu mwanaume hamutazami usoni mama wa muke wake. Wakikutana njiani, mumoja anaingia majani. Hawali pamoja, hawasemeshani. Si chuki, ni heshima, ila heshima ikiwa kubwa inaleta kazi nyingi. Wakionana uso kwa uso, mama anafunga mizigo siku ileile anarudi kwao, na jambo linapelekwa kwa wazee, na wazee hawana haraka, wanakula kwanza. Tangu ndoa Zéphirin hakujua mukwe wake anafanana na nani. Na sasa mama huyo akae katika lupango moja naye, kiwanja chenye nyumba moja, jiko nyuma, na kijumba kidogo pembeni ya jiko!

Mutasema: si ajifunike kitambaa? Nendeni ninyi mukamuambie Mama Apolline wa Wamaza ajifunike kama kikapu cha samaki. Mimi ninapenda meno yangu.

Kilichotakiwa ni ukuta. Matofali hatukuwa nayo. Ua wa matete ulikatazwa katika sité yote, mitaa yetu watu weusi, kwa sababu ya panya na moto. Amri ilisema mutu akitaka kuzungusha lupango lake, apande miti ya maua. Hapo ndipo akili yangu ilipohitajika. Nilikuwa nimefanya kazi miezi mitatu katika bustani ya muzungu wa kilimo, kabla hatujaachana kwa sababu ya mananasi ambayo sioni haja ya kuyaeleza.

"Panda hibiskusi," nilimuambia.

"Yale maua mekundu yanayotoa ulimi?"

"Yaleyale. Unakata kijiti, unachomeka, unakwenda zako. Miezi mitatu, yanakupita kichwa."

"Hata mimi, Mujomba?" akanyosha shingo.

"Hata wewe, na kofia juu."

Niliijua ile miezi mitatu vizuri, kwa sababu ndiyo niliyofanya kazi pale. Yaliyotokea baada ya mimi kuondoka ningeyajuaje?

Tukapiga kamba kutoka pembe ya nyumba mpaka mwisho wa lupango. Upande wa kushoto jiko na kijumba cha mama. Upande wa kuume njia ya Zéphirin na choo chake. Tukachomeka vijiti. Lakini mwipwa wangu alitaka visimame kama askari siku ya bendera. Kila jioni akirudi kazini alikagua mustari, na kijiti kilichoegama aliking'oa akakipanda upya. Vingine vilihama mara tano kabla ya kujua kwao ni wapi. Nikamukataza. Akanijibu kwamba muti usiojifunza kusimama ukiwa mudogo hautasimama ukiwa mukubwa. Basi, nikaacha.

Mwezi wa kumi na mbili kamyo ikamushusha Mama Apolline, na mizigo yake, na kuku wawili, na muchi wake wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, kwa sababu michi ya Kasongo hakuiamini. Alikuwa mwanamuke mupana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya muto. Zéphirin alijifungia chumbani. Mimi, kama mushenga wa ndoa, ndiye niliyemupokea.

"Karibu, mukwe wangu."

"Starehe, Antoine. Ukuta uko wapi?"

"Ule pale."

Akatafuta. Akatazama tena. Ukuta ulikuwa umefika magotini, na ulikuwa na ua moja.

"Antoine, huu ni ukuta ao ni lengalenga ya kupika?"

"Unakua, mukwe."

"Mimi pia nilikuwa nakua, lakini hakuna mutu aliyejificha nyuma yangu nikiwa na miaka miwili." Akakaa juu ya mizigo yake. "Nitalala siku tatu. Kama siku ya nne sina pa kuweka haya yangu, narudi Wamaza na mutoto wangu."

Emilienne alikuwa mulangoni, mukono juu ya tumbo. Ndani ya chumba tulisikia kitanda kinalia, maana Zéphirin alikuwa ameketi kwa nguvu.

Mutu mwingine angekata tamaa. Mimi nilitoa sheria. Nilisimama katikati ya lupango nikatangaza: "Ukuta ni ukuta. Mutu aliye chini ya ukuta haonekani. Kwa hiyo haukosi urefu ukuta, munakosa ufupi ninyi. Muiname!"

Mama Apolline alifikiri. Akaitazama ile sheria mbele na nyuma, akaona haina tundu. "Sawa," akasema. "Lakini ni yeye anayeanza."

Tukapanga hivi. Zéphirin akiingia lupango lake anapiga kengele ya velo, na mama anachuchumaa. Mama akitoka jikoni anakohoa, na Zéphirin anachuchumaa. Mupango ulikuwa muzuri sana. Kasoro yake ilikuwa ndogo tu: kengele na kikohozi vikigongana, wote wawili wanachuchumaa, na kila mumoja anangoja mwenzake apite. Siku moja walikaa hivyo mpaka maharagi yakaungua, na harufu ikafika kwa jirani yetu Ismaël, mushona nguo, akaja mbio na ndoo ya maji. Alikuta mutu murefu kuliko wote wa Kasongo amekunjwa nyuma ya majani kama chura, na upande wa pili mama wa watu amekunjwa naye.

"Antoine," akaninong'oneza, "hawa wanaumwa?"

"Wanaheshimiana," nikamujibu.

Tangu siku ile Ismaël alihamisha mashini yake ya kushona akaiweka kwenye baraza, pale macho yanapofika. Wateja wake nao hawakuwa tena na haraka ya kupata nguo zao. Na kule buro mukubwa wa Zéphirin alimuuliza kwa nini kaptula yake iko na udongo magotini kila asubuhi. Akajibu: "Ni sala, Bwana." Akasifiwa.

Siku ya nne ikafika, mama hakuondoka. Ya tano, ya kumi. Nikaleta mavi ya kuku, mvua ikafanya kazi yake, na Mama Apolline mwenyewe akaanza kuutunza ukuta upande wake, anapalilia, anafunga matawi kwa kamba za migomba. Zéphirin alifanya vilevile upande wake, ila sasa hakung'oa kitu, maana niliapa kumuvunja vidole. Mwezi wa pili maua yalikuwa mengi hata nyuki walihamia, na majani yalimufikia Zéphirin kifuani. Kuchuchumaa kukawa kuinama tu kidogo. Wakaanza hata kuzungumuza, bila kuzungumuza, kila mumoja akiuambia ukuta.

"Wewe ukuta," mama anasema, "muulize mwenye nyumba kama sombe ya jana ilikuwa na chumvi."

"Ukuta, umuambie mama nimelamba sahani."

"Ukuta, sikuuliza kama amelamba. Niliuliza chumvi."

"Ilikuwa kidogo, ukuta."

"Kidogo! Ukuta, unasikia? Mutu murefu hivi, na bado anataka chumvi!"

Emilienne akacheka mpaka akashika tumbo, na tumbo lilikuwa limekwisha kupita pale zile mimba mbili zilipokomea. Niliona Zéphirin anahesabu wiki kwa vidole, anafika mwisho, anaanza tena.

Basi mwezi wa tatu akaja Bwana Metre. Jina lake la kweli silijui; watu walimuita hivyo kwa sababu alitembea na kijiti cha kupimia, na hakuna kitu alichokipita bila kukipima. Alikuwa mugeni, kazi yake usafi wa sité. Alisema miti mirefu inalaza mbu, akatoa amri: ukuta wa maua usizidi metre moja kutoka ardhini, kila lupango, ndani ya siku mbili. Na nani alipewa karatasi ile akaisome mitaani? Plantoni.

Zéphirin alizunguka sité nzima, anapiga kengele, anasoma. Alipofika kwenye lupango lake mwenyewe, alishuka velo, akasimama wima, akapiga kengele, akasoma amri yote mbele ya mulango usio na mutu, mpaka saini. Kutoka ndani Emilienne akajibu: "Tumesikia, Bwana plantoni."

Kisha akavua kofia akakaa chini. "Mujomba, nisipokata, kesho sina kazi. Nikikata, kesho sina muke. Nimebakiwa na mwezi mumoja tu! Mwezi mumoja!"

"Na kurudi kuchuchumaa?" nikauliza.

"Antoine," sauti ikatoka upande wa pili wa maua, "uuambie ukuta magoti yangu yamekwisha. Nilichuchumaa vya kutosha. Wakikata, ninapanda kamyo ya Alhamisi."

Nilitembea mara tatu kuzunguka nyumba. Mara ya tatu jambo likanijia, na mpaka leo nikilikumbuka ninajipongeza. Amri ilisema metre moja juu ya ardhi. Haikusema kitu juu ya ardhi yenyewe!

"Mwipwa wangu," nikasema, "lete beleshi. Maua tutayakata. Wewe utashuka."

Alichimba tangu usiku haujaingia mpaka asubuhi inapambazuka, mufereji kando ya ukuta upande wake, kutoka mulangoni mpaka chooni, kina chake mpaka kiunoni mwake. Mimi nilisimamia. Alipotembea humo, akiinama kidogo tu, kofia haikuonekana. Bwana Metre alipokuja akaweka kijiti chake: metre moja sawasawa. Akaona na mufereji.

"Hii nini?"

"Ni ya maji ya mvua, Bwana," nikajibu. "Usafi."

Alifurahi sana. Alipima hata mufereji.

Tatizo nililosahau ni kwamba mvua nayo ilinisikia. Aprili iliponyesha, mufereji ulijaa tope mpaka magoti. Zéphirin alirudi kazini kila siku amebeba viatu kichwani, anapita mule kama kiboko, na velo yake begani.

Siku yenyewe ilikuwa saa tisa ya muchana, mvua imepumuzika. Mimi nilikuwa kwenye baraza kwa Ismaël, ninamushauri namna ya kushona. Zéphirin aliruhusiwa kutoka mapema. Akaingia mufereji wake, akapiga kengele. Kengele ilikuwa imejaa tope: haikulia. Na wakati uleule, ndani ya nyumba, Emilienne akapiga kelele moja ndefu.

Mama Apolline alitoka jikoni na muchi mukononi. Alidhani mukwe wake yuko kazini, maana hakusikia kengele. Alitaka kufika barabarani kuniita mimi, njia fupi ilipita juu ya ukuta, na ukuta sasa ulikuwa wa metre moja. Akashika kitenge chake, akaruka. Nasema akaruka! Mwanamuke yule, na miaka ile! Akapita juu ya maua kama kuku anayefukuzwa, akatua katika mufereji, juu ya mutoto wa dada yangu.

Tope lilipaa mpaka kwenye mashini ya Ismaël.

Nilipofika pale, vichwa viwili vilikuwa vimetoka, vinatazamana, karibu hivi. Nikaona kazi yangu yote inakufa: mama anafunga mizigo, wazee wanaitwa, Emilienne anabaki na mutoto muchanga bila mutu wa kumushika mukono, na mimi ninakwenda Wamaza na mbuzi ambao sina.

"Mukimaliza kusalimiana," Emilienne akapaza sauti kutoka dirishani, "mutoto anakuja!"

Wakatoka. Zéphirin akaleta kiti, wakamukalisha Emilienne, mumoja akashika kushoto na mwingine kuume, wakaenda naye materniti, mbio. Mimi nilikuwa mbele, nimebeba kazi nzito kuliko wote: kuonyesha njia, ingawa njia ilikuwa moja.

Katikati ya safari matone yakaanza. Hapo nikageuka nyuma, nikawatazama wale wawili, nikaelewa. Tope lilikuwa limewafunika kabisa, kutoka nywele mpaka kidevu. Palikuwa na macho tu. Uso hakuna! Nikakata jani la mugomba, nikarudi mbio, nikaanza kuwakinga na mvua, mara huyu, mara yule.

"Mujomba!" Emilienne akafoka. "Nani anazaa hapa?"

"Wewe, mwanangu, wewe unalowa tu. Hawa wakilowa tumekwisha!"

Pale materniti mukunga Clémentine, mwanamuke muchapakazi, alimupokea muzazi, kisha akawatazama wale wengine. Akaweka beseni la maji. "Munawe uso kabla ya kugusa kitu humu."

"Sinawi," akasema Mama Apolline.

"Nami sinawi," akasema Zéphirin.

"Watu wa wapi hawa?"

"Ni heshima," nikaeleza. Akanifukuza nje mimi kwanza.

Wakakaa barazani, mumoja kila mwisho wa benchi, tope linakauka linapasuka, hawakwaruzi hata pua. Kila sauti ya Emilienne ilipotoka ndani, Zéphirin alisimama wima kama kwenye bendera, akakaa tena. Mama aliomba kimya, midomo inaangusha vipande vya udongo. Jua halijazama tukasikia kilio kingine, chembamba, chenye hasira. Clémentine akatoka na mutoto muke, muzima, mwenye mapafu ya bibi yake.

Bibi alimushika kwanza, na kitambaa cha Clémentine katikati. Mutoto akafungua macho, akaona ule uso wa udongo, akalia. Wakamupa baba. Akaona mwingine. Akalia zaidi.

Ndipo nilipokohoa, kwa sababu jambo lilipaswa kusemwa, na mushenga ni mimi. "Mukwe wangu, tuzungumuze kuhusu yale ya mufereji. Umemuona ao hukumuona?"

Mama Apolline alitazama mulango ambao nyuma yake binti yake alilala.

"Mimi," akasema, "nilianguka katika tope. Niliona tope. Tope si mukwe. Wazee wa Wamaza wataitwa kwa sababu ya tope?"

"Hapana, mukwe. Na wewe, mwipwa?"

"Mujomba, umuambie mama kwamba na mimi niliona tope tu."

"Tope kubwa?"

"Antoine!" akasema Mama Apolline, na muchi wake, ambao hakuuacha njia nzima, ulisogea.

Tukamupeleka yeye kunawa nyuma ya materniti upande wa mashariki, na Zéphirin upande wa magharibi, mimi katikati nimepanua mikono. Hakuna aliyeona kitu. Wiki iliyofuata mama hakupanda kamyo, wala mwezi uliofuata. Ukuta ukapokea agizo jipya: mwenye nyumba afukie ile hatari yake, maana kuna mutu anapita na mutoto mugongoni. Zéphirin akafukia siku ileile, akiwa bado na kaptula ya kazi.

Wakabaki tena na ukuta wa metre moja na magoti mabovu, na sheria yangu ya kuinama ikarudi. Bibi akikohoa, baba anazama nyuma ya maua. Baba akipiga kengele, bibi anazama, na mutoto mugongoni anashuka naye. Mutoto alipofika miezi mine alianza kuchekea ile kazi. Akishuka, kicheko. Akipanda, kicheko. Baadaye nilimukuta Mama Apolline saa nne ya asubuhi, mutoto mugongoni, Zéphirin yuko buro, hakuna kengele, hakuna mutu wa kuheshimu katika lupango lote, na yeye anachuchumaa nyuma ya hibiskusi, anasimama, anachuchumaa tena, anaguna na magoti yake.

"Mukwe," nikamuita, "nani anapita?"

"Tembea zako, Antoine," akasema, akashuka mara nyingine.